Kimeng'enya kinachovunja hemu: matangazo ya kapsuli yameeleza nusu tu ya habari

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nizungumzie tangazo lililochapwa mwezi uliopita katika ukurasa wa afya wa gazeti lako, ambalo pia nimelisikia likirudiwa kwa kipaza sauti pale stendi ya mabasi, likisema kuwa kapsuli fulani za mimea huamsha kimeng'enya cha mwili kinachosafisha damu na kuzuia saratani ya tumbo, utumbo, ini na kongosho. Mimi ni mteknolojia wa maabara ya hospitali, kazi ambayo huu ni mwaka wangu wa 21, na huenda nisingeandika kama maneno hayo yangekuwa uongo mtupu, kwa sababu uongo mtupu watu huushtukia. Kinachonihangaisha ni kwamba nusu yake ni kweli, na nusu hiyo ya kweli ndiyo inayouza chupa.

Siku moja alifika kwenye dirisha letu la kupokelea sampuli mama mmoja mtu mzima, akiwa na karatasi ya vipimo vya mumewe, ambaye miezi 2 kabla alikatwa kipande kidogo cha nyama kwenye utumbo mpana kwa ajili ya vipimo akakutwa na saratani, na wakati huo alikuwa ameshaanza kemotherapi. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akafungua mkoba na kutoa chupa nyeupe ya plastiki yenye kifuniko cha kijani, akaisogeza kwenye kioo na kuniuliza kwa sauti ya chini: "Mwanangu, nimeuza mbuzi wawili kununua hizi. Wamesema zinaipa damu nguvu ya kupambana na ugonjwa. Daktari sijamwambia. Nimpe au nisimpe?" Nilimjibu kwamba mimi si daktari na kwamba swali hilo alipeleke kliniki siku hiyohiyo, lakini nikamwomba asimpe mgonjwa hata kapsuli moja kabla ya kufika huko. Niliona usoni kwake kwamba hakuelewa kwa nini, na nyuma yake palikuwa na foleni ndefu. Barua hii ndiyo maelezo ambayo sikupata nafasi ya kumpa.

Kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha kazi za kikemikali mwilini, kilichotajwa kwenye karatasi iliyokunjwa ndani ya chupa ile kinaitwa hemu oksijenesi-1. Hemu ni ile sehemu ya hemoglobini, protini inayosafirisha oksijeni katika damu, iliyobeba chuma na kuipa damu wekundu wake. Chembe nyekundu ya damu huishi kama siku 120, kisha huchakaa, na iliyochakaa huvunjwa hasa kwenye wengu na kwenye ini. Hemu iliyomo ndani yake haiwezi kuachwa izagae, kwa kuwa ikiwa huru huunguza kuta za seli na za mishipa ya damu. Hapo ndipo kimeng'enya hiki hufanya kazi yake, ambayo ilielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1968 na watafiti watatu waliokuwa California nchini Marekani, Raimo Tenhunen, Harvey Marver na Rudi Schmid: kikitumia oksijeni, hukata pete ya hemu na kuigeuza kuwa vitu vitatu, yaani chuma, gesi ya kaboni monoksaidi, na rangi ya kijani iitwayo biliverdini, ambayo kimeng'enya kingine huigeuza upesi kuwa bilirubini ya manjano.

Kila msomaji ameshawahi kuiona kazi hiyo kwa macho yake bila kujua jina lake. Mtu akijigonga na damu ikavilia chini ya ngozi, mahali hapo huwa pekundu, kisha panakuwa na rangi ya zambarau, baada ya siku chache hujitokeza ukijani, na mwishoni umanjano unaofifia mpaka ngozi inarudi ilivyokuwa. Kwa wengi wetu wenye ngozi nyeusi rangi hizo huonekana vizuri zaidi kiganjani au upande wa ndani wa mkono. Ule ukijani ni biliverdini na ule umanjano ni bilirubini, ileile inayowafanya watoto wachanga wawe na macho ya manjano katika siku zao za mwanzo, wakati chembe nyingi za damu walizozaliwa nazo zinapovunjwa kwa pamoja na ini lao halijakomaa vya kutosha kuitoa rangi hiyo.

Gesi ya kaboni monoksaidi ndiyo inayoua watu wanaolala na jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa madirisha, na wengi hushangaa nikiwaambia kwamba miili yetu wenyewe huitengeneza kila siku. Lakini kiasi chake ni kidogo mno, na kwa kiasi hicho gesi hiyo hulegeza mishipa ya damu, hutuliza hasira ya seli za kinga na huzizuia seli zilizojeruhiwa zisijiue. Bilirubini nayo hunasa zile chembe haribifu za oksijeni zinazotokea seli inapokuwa katika shida, na chuma kinachobaki hufungiwa ndani ya protini ya kuhifadhia iitwayo feritini kisilete madhara. Kwa hiyo kimeng'enya kimoja, kwa kitendo kimoja cha kukata pete, huondoa kitu cha hatari na kuacha nyuma vitu vinavyolinda.

Tena hakikai katika kiwango kimoja. Katika viungo vingi huwa kidogo sana, lakini seli ikipatwa na msukosuko, iwe ni sumu, metali nzito, upungufu wa oksijeni au hemu nyingi kuliko kawaida, jeni yake iliyoko kwenye kromosomu ya 22 huwashwa na kiwango hupanda ndani ya saa chache. Protini iitwayo Nrf2 ndiyo huiwasha, na nyingine iitwayo Bach1 ndiyo huizuia isiwake ovyo. Umuhimu wake ulionekana wazi mwaka 1999, madaktari wa Japani walipoandika habari za mtoto aliyezaliwa bila uwezo wa kutengeneza kimeng'enya hiki: mishipa yake ya damu iliharibika, alikuwa na upungufu mkubwa wa damu na hakukua kama watoto wengine.

Hadi hapa mwenye kapsuli anasema kweli. Naomba nimpe na haki nyingine zaidi, kwa sababu sitaki aseme kwamba nimemficha. Saratani nyingi za njia ya chakula huanzia mahali palipochomeka au kuwa na kidonda kwa muda mrefu: tumboni kwa sababu ya bakteria Helicobacter pylori, ambao tangu mwaka 1994 wametambuliwa rasmi na shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa kuwa wanasababisha saratani kwa binadamu, kwenye ini kwa sababu ya virusi vya homa ya ini na sumukuvu ya mahindi na karanga, kwenye utumbo mpana kwa sababu ya magonjwa ya vidonda visivyopona. Katika hatua hizo za mwanzo kimeng'enya hiki ni msaada, kwani hupunguza mchomo huo na kulinda jeni za seli zisiharibiwe. Majaribio ya maabara yameonyesha hata kwamba kikiwa kingi ndani ya seli za tumbo, protini ya bakteria hao iitwayo CagA, ambayo ndiyo silaha yao kubwa ya kuivuruga seli, hushindwa kuamshwa ipasavyo.

Hata suala la nyama nyekundu linaingia hapa. Mwezi Oktoba 2015 wataalamu 22 kutoka nchi 10 walikutana Lyon, Ufaransa, wakaiweka nyama iliyosindikwa kiwandani, kama vile soseji, katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani, na nyama nyekundu katika kundi la vitu ambavyo yaelekea vinaisababisha. Walikadiria kwamba kila gramu 50 za nyama iliyosindikwa zinazoliwa kila siku huongeza uwezekano wa kupata saratani ya utumbo mpana kwa asilimia 18. Sababu moja inayotajwa ni hemu yenyewe, ambayo isipofyonzwa hushuka hadi utumbo mpana, ikaudhi ngozi laini ya ndani na kusaidia kutengeneza kemikali zinazoharibu jeni. Watafiti wa Uholanzi walipowalisha panya hemu, seli za utumbo wao ziliumia na kuzaliana kupita kiasi, lakini walipochanganya na klorofili, ile rangi ya kijani ya majani ambayo umbo lake linafanana sana na hemu, madhara hayo yalizuiwa. Panya si mtu, lakini nakiri kwamba tangu nisome habari hizo sahani yangu ya nyama choma haikosi mchicha pembeni.

Sasa nije kwenye nusu ambayo haikuandikwa kwenye chupa wala kwenye tangazo. Kimeng'enya hiki hulinda seli yoyote inayokitengeneza, na seli ya saratani pia ni seli. Tena ni seli inayoishi katika shida isiyokwisha: inakua haraka kuliko damu inavyoweza kuifikia, inakosa oksijeni, inazungukwa na seli za kinga, na ikianza kutibiwa inamwagiwa dawa na mionzi. Shida hizo zote ndizo zinazowasha jeni ile ya kromosomu ya 22. Ndiyo maana watafiti wanapopima vipande vya saratani ya tumbo, kongosho, ini, umio na utumbo mpana, mara nyingi hukuta kimeng'enya hiki kikiwa kingi kuliko kwenye nyama yenye afya iliyo jirani. Yale yaliyokuwa neema kwa seli yenye afya yanakuwa neema kwa uvimbe: gesi ileile inayolegeza mishipa husaidia mishipa mipya kuota kuelekea kwenye uvimbe ili uletewe chakula, utulivu uleule wa seli za kinga huwafanya askari wa mwili wapite karibu na adui bila kumgusa, na kinga ileile dhidi ya kujiua huifanya seli ya saratani iendelee kuishi hata baada ya kupewa dawa iliyokusudiwa kuiua.

Jambo hili la mwisho ndilo lililonifanya nimwombe yule mama asubiri. Saratani ya kongosho ni mfano wa kutisha, kwa kuwa ni miongoni mwa saratani zinazosikia dawa kwa shida mno. Mwaka 2005 watafiti walichapisha matokeo ya maabara yaliyoonyesha kwamba seli za saratani hiyo zikipigwa mionzi au zikipewa dawa ya jemsitabini huongeza hemu oksijenesi-1, na kwamba kimeng'enya hicho kikizuiwa, seli hizohizo hufa kwa urahisi zaidi zikitibiwa. Wenzao wa Chuo Kikuu cha Kumamoto, Japani, walikuwa wameshaonyesha mwaka 2003 kwamba dawa ya kukizuia, iliyotengenezwa kwa kuweka zinki mahali pa chuma katika umbo linalofanana na hemu, hupunguza kasi ya ukuaji wa uvimbe kwa panya. Mpaka sasa hakuna dawa ya aina hiyo inayotumika hospitalini kutibu saratani, na mojawapo ya sababu ni kwamba ukikizuia kimeng'enya kwa mwili mzima unakizuia pia mahali kinapohitajika. Lakini tafakari, Mhariri: wanasayansi wanahangaika namna ya kukipunguza kimeng'enya hiki ndani ya saratani ili dawa zifanye kazi, na huku mtaani mgonjwa anayepewa dawa hizohizo anauziwa kapsuli za kukiongeza.

Sisemi kwamba imethibitika kuwa kapsuli zile zitamuua mtu. Sayansi yenyewe haijasimama upande mmoja. Kwenye saratani ya utumbo mpana, kwa mfano, ziko tafiti zilizoona wagonjwa wenye kimeng'enya kingi kwenye uvimbe wakiishi muda mrefu zaidi, na ziko zilizoona kinyume chake. Inaonekana mengi yanategemea hatua ya ugonjwa, aina ya seli zinazokitengeneza, na hata mahali kinapokaa ndani ya seli, kwa sababu wakati mwingine hukatwa kipande cha mwisho, kikaachia mahali pake pa kawaida na kuingia ndani ya kiini cha seli, ambako hakifanyi tena kazi ya kuvunja hemu bali huchochea jeni nyingine. Watu pia hatukuzaliwa sawa: mbele ya jeni ya kimeng'enya hiki kuna herufi mbili za kijenetiki zinazojirudia, kwa wengine mara chache na kwa wengine mara nyingi, na wenye marudio machache kwa kawaida huiwasha kwa nguvu zaidi. Kapsuli ya shilingi elfu arobaini haijui mnunuzi wake yuko kundi gani, wala haijui kama tumboni mwake kuna mchomo tu au kuna uvimbe ambao haujagunduliwa.

Historia nayo imetupa onyo moja kubwa. Nchini Finland walichukuliwa wanaume wavutaji sigara 29,133, baadhi wakapewa betakarotini, kiini kinachopatikana kwenye karoti ambacho kila mtu aliamini kuwa kingezuia saratani ya mapafu kwa sababu kinapambana na zile chembe haribifu. Matokeo yalipotolewa mwaka 1994, waliopewa betakarotini walikuwa wamepata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wenzao. Karoti haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kudhani kwamba kitu chema kikikamuliwa, kikasongwa ndani ya kidonge na kutolewa kila siku kwa mtu ambaye seli zake zimeshaharibika, kitabaki kuwa chema. Vivyo hivyo sina ugomvi na binzari ya manjano, ambayo kiini chake kimeonyeshwa maabara kuwa huamsha hemu oksijenesi-1 na ambacho ndicho kilichomo kwenye chupa ile. Kijiko cha binzari kwenye mchuzi wa samaki ni chakula. Kiini kilichokolezwa, kikapewa mgonjwa aliye katikati ya kemotherapi bila daktari wake kujua, ni dawa, na dawa ina kanuni zake.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba fedha za mbuzi wale wawili zingeweza kufanya kazi mapema zaidi. Hemu hiyohiyo inayotangazwa kwenye chupa ndiyo inayotusaidia kugundua saratani ya utumbo mpana kabla haijamlaza mtu. Kuna kipimo cha choo ambacho hufanyika kwa karatasi iliyopakwa utomvu wa mti uitwao guaiacum: unapaka choo kidogo, unadondosha tone la hidrojeni peroksaidi, unasubiri. Choo kikionekana cha kawaida kabisa kwa macho lakini kikiwa kimebeba damu kidogo, hemu iliyomo huichochea kemikali ile na karatasi hugeuka buluu kabla dakika haijaisha. Nimeiona buluu hiyo ikitambaa kwenye karatasi mara nyingi, na kila mara huwa nanyamaza kidogo kabla ya kuandika majibu. Si kila buluu ni saratani, kwani inaweza kuwa bawasiri, vidonda vya tumbo, minyoo au hata nyama nyekundu iliyoliwa juzi, ndiyo maana mgonjwa huombwa aache nyama hiyo siku 3 kabla. Na vipo vipimo vya kisasa vinavyotambua damu ya binadamu peke yake. Lakini buluu hiyo humpeleka mtu kwenye kipimo cha kamera wakati uvimbe bado ni mdogo na unakatika. Mume wa yule mama hakuwahi kupimwa choo kwa njia hiyo hata mara moja, ingawa kwa mwaka mzima alikuwa akichoka, akipungua uzito na kuambiwa kwamba damu imepungua, anywe juisi ya rosela.

Na kwa saratani nyingine za njia ya chakula hali ni hiyohiyo. Mtu mwenye vidonda vya tumbo vinavyorudi anaweza kupimwa bakteria wale na kutibiwa kwa antibiotiki. Mtoto hukingwa dhidi ya homa ya ini aina ya B kwa chanjo anazopewa kliniki. Mahindi yaliyoota ukungu hutupwa, hata yawe gunia zima. Chai huachwa ipoe kidogo, kwa kuwa mwaka 2016 wataalamu walitoa taarifa kwamba vinywaji vilivyozidi nyuzi 65 yaelekea husababisha saratani ya umio, ugonjwa unaotusumbua sana huku Afrika Mashariki. Hakuna hata moja kati ya hayo linalouzwa kwenye chupa yenye kifuniko cha kijani.

Kwa hiyo, Mhariri, naomba mambo mawili. La kwanza, tangazo lolote la kulipiwa linalotaja saratani lisichapwe katika ukurasa wa afya kwa sura ya makala, kwa kuwa wasomaji wa vijijini hulichukulia kuwa ni kauli ya gazeti, na yule mama alikuwa amekata kipande hicho cha gazeti na kukikunja pamoja na karatasi za hospitali. La pili, mwandishi wako wa afya aende akawaulize madaktari wa saratani, pale Ocean Road au Muhimbili, swali moja tu: ni wagonjwa wangapi wanaowaambia kuhusu mitishamba na kapsuli wanazotumia, na wanapowaambia, wao huwajibu nini? Nimewasikia wagonjwa wengi wakisema kwamba huficha kwa sababu waliwahi kufokewa. Daktari anayemfokea mgonjwa kwa jambo hili anajinyima habari anayoihitaji ili kupanga tiba.

Yule mama alirudi wiki iliyofuata kuchukua majibu ya damu. Alinieleza kuwa daktari hakumfokea. Aliichukua chupa, akasoma karatasi yake yote, akamwambia waiweke kando mpaka mizunguko ya kemotherapi iishe, kisha akaliandika jina la kapsuli zile kwenye faili la mgonjwa, chini ya dawa zake za presha.

Wako mtiifu,

Mteknolojia wa maabara,
Morogoro